UZI: Langalanga 1988 – lita 150, McLaren MP4/4, na hesabu iliyomnyima Prost ubingwa

#1 FundiSilinda

Wakuu, salaam. Kila uzi wa langalanga (Formula 1) humu ndani ukigusa mwaka 1988 unageuka ligi ya Senna na Prost, madereva wawili wa McLaren. Tutafika huko. Kwanza tuwekane sawa kwenye kanuni, maana msimu ule wote umo ndani ya namba mbili: lita 150 na bar 2.5.

FISA, chombo kilichosimamia mbio za magari, ilikuwa inaziua kidogokidogo injini za turbo, zile zinazosukumiwa hewa kwa nguvu. Mwaka 1984 na 1985 gari la turbo lilipewa lita 220 kwa mbio nzima, na kuongeza mafuta piti ilikuwa marufuku. Mwaka 1986 zikashushwa hadi 195. Mwaka 1987 zikabaki 195, ila presha ya hewa ikawekewa kikomo cha bar 4. Mwaka 1988, ambao ulitangazwa mapema kuwa wa mwisho kwa turbo, zikawa lita 150 na bar 2.5. Hizo 2.5 zinahesabiwa pamoja na hewa ya kawaida inayotuzunguka, kwa hiyo turbo yenyewe inaongeza kama 1.5 tu. Injini zilizokuwa zinapita farasi 1,000 wakati wa kupanga nafasi mwaka 1986 zikarudi chini ya 700.

Wasio na turbo walikuwa na injini za lita 3.5, mafuta bila kikomo, na uzito wa chini wa kilo 500. Gari la turbo halikuruhusiwa kupungua kilo 540. Timu nyingi zilipiga hesabu zikaona turbo haina faida tena. Williams, walioachwa na Honda, walichukua Judd V8. March nao Judd. Benetton wakaenda na Ford DFR. Waliobaki na turbo ni sita tu: McLaren, Lotus, Ferrari, Arrows, Osella na Zakspeed.

Mbio zilikuwa 16, McLaren akashinda 15. Mizunguko ya msimu mzima ni 1,031, McLaren akaongoza 1,003. Mara kumi walimaliza wa kwanza na wa pili. Gari lao, MP4/4, lililobanwa na kanuni kiasi hicho, liliwezaje? Karibuni wenye vipimo.

#2 KonaKali

Mkuu mbona jibu ni fupi: Honda, watengenezaji wa injini ya McLaren. Walikuwa na injini kubwa kuliko wote, mengine ni maneno.

#3 FundiSilinda

Hapana kaka, na ushahidi uko ndani ya msimu huohuo. Honda RA168E ileile ilifungwa kwenye Lotus 100T. Dereva ni Nelson Piquet, bingwa wa 1987, na mwenzake Satoru Nakajima. Piquet hakushinda hata mbio moja; cha juu alichopata ni nafasi ya tatu, Rio, Imola na Adelaide. Nakajima alipata pointi moja mwaka mzima.

Chukua Imola. Kupanga nafasi: Senna 1:27.148, Prost 1:27.919, wa tatu Piquet 1:30.500. Injini ileile, tairi za Goodyear kwa wote, na pengo ni zaidi ya sekunde tatu na robo. Siku ya mbio Piquet alimaliza wa tatu akiwa ameachwa mzunguko mzima. Kama injini ndiyo ilikuwa siri, siri hiyo ilikuwa nyuma ya mgongo wa Piquet pia.

#4 KonaKali

Hapo umenishika. Basi chesisi, yaani bodi la gari, ilikuwa na nini?

#5 FundiSilinda

Ilikuwa chini. Ukisimama pembeni ya MP4/4 kitu cha kwanza unachokiona ni mabega ya dereva, yako juu ya mstari wa gari.

Mambo matatu yalikutana. La kwanza tangi: kutoka lita 195 kwenda 150 ni lita 45 zimeondoka, na tangi linakaa nyuma ya mgongo wa dereva. Likipungua, unaweza kulishusha. La pili, dereva alilazwa chali zaidi kuliko ilivyozoeleka. Mwaka huo kanuni ilitaka gari jipya liwe na miguu ya dereva nyuma ya mstari wa ekseli ya mbele, kwa hiyo ukimlaza ndipo unapata nafasi ya kumpanga. Gordon Murray alishajaribu ulazaji huu kwenye Brabham BT55 ya 1986. Pale injini ya BMW ilikuwa silinda nne zilizosimama, ikabidi ilazwe ubavu kwa nyuzi 72, na oili ikawa haitoki vizuri kwenye injini iliyolala. Honda V6 ilikuwa fupi kwa asili, haikuhitaji kulazwa.

La tatu ndilo watu wanalisahau: klachi. Kimo cha krenki (shafti kuu ya injini) kutoka sakafuni kinaamuliwa na upana wa klachi na flaiwili. Ukiwa na klachi pana, krenki haiwezi kushuka, itakwaruza chini. Honda na McLaren walitumia klachi ndogo ya kaboni, injini nzima ikashuka. Hapo likazaliwa tatizo lingine. Krenki ikishuka, giaboksi ya shafti mbili inatoa nguvu chini mno kuliko kitovu cha gurudumu, na shafti za magurudumu zinapanda kwa pembe kali. Jointi zikizunguka kwa pembe kali zinakula nguvu, zinapata moto, zinavunjika. Dawa ikawa giaboksi ya shafti tatu, iliyobuniwa pamoja na Pete Weismann: shafti ya ziada inapandisha nguvu hadi kimo kinachofaa. Gia sita, za kuingiza kwa mkono.

Sasa faida: injini, tangi na dereva vyote viko chini, gari halilali upande kwenye kona, na bawa la nyuma linapata hewa safi kwa sababu mbele yake hakuna kitu kirefu. Bawa likipata hewa safi, unaweza kulipunguza na bado gari likakamata barabara. Bawa dogo ni upinzani mdogo wa hewa, yaani mafuta machache kwa kilomita. Lita 150 zinarudi palepale.

Kuhusu nani alilichora, Steve Nichols ndiye aliyeongoza usanifu wa gari, na Murray alikuwa mkurugenzi wa ufundi aliyekuja na wazo la kimo. Wenyewe hawajawahi kukubaliana mgawo wa sifa. Kwa maoni yangu Nichols amepewa kidogo kuliko anachostahili.

#6 MsomajiVipimo

Uzi mzuri. Naongeza upande wa mafuta, maana hapo ndipo Honda walifanya kazi inayostahili kusomwa darasani.

Kanuni ilipima mafuta kwa lita, haikupima kwa kilo. Ukielewa hilo, unatafuta kimiminika kizito chenye nishati nyingi ndani ya lita moja. Honda walitumia toluini asilimia 84 na heptani asilimia 16. Kwenye tangi la lita 150 hiyo ni lita 126 za toluini na 24 za heptani. Toluini ina uzito wa takriban kilo 0.87 kwa lita, heptani 0.68. Piga hesabu: unapata kama kilo 125 au 126 ndani ya tangi. Petroli ya kawaida, kwa kilo 0.745 hivi kwa lita, ingekupa kilo 112. Ni kweli kilo ya toluini ina nishati pungufu kidogo kuliko kilo ya petroli, lakini kwa lita bado unatoka na ziada ya kama asilimia 6. Kwenye mbio za mizunguko 51, asilimia 6 ni mizunguko mitatu.

Kwa nini heptani, wakati heptani ina okteni (kipimo cha mafuta kuvumilia kugonga, yaani kuwaka kabla ya wakati) sifuri? Kwa sababu kanuni iliweka kikomo cha okteni 102, na toluini peke yake inavuka. Heptani imewekwa kuishusha okteni hadi mstari wa sheria. Na okteni haikuwa mchezo: Benetton mbili zilizomaliza ya tatu na ya nne kwenye mbio za Spa ziliondolewa kwenye matokeo kwa sababu ya mafuta.

Kinachoharibika: toluini inachemka kwenye nyuzi 110, petroli inaanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi thelathini na kitu. Ukiinyunyizia toluini ya baridi ndani ya injini, matone yanabaki matone, hayashiki moto vizuri, injini inamisi na mafuta yanatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Kwa hiyo Honda waliyapasha moto mafuta kabla ya kufika kwenye nozeli, na hewa inayoingia hawakuiacha ipoe kupita kiasi. Fundi wa turbo wa kawaida anataka hewa baridi iwezekanavyo, kwa sababu hewa baridi imebanana na inabeba oksijeni nyingi. Honda waliacha nguvu kidogo mezani ili kila tone liungue. Bado walipata takriban farasi 685, injini ikizunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika.

#7 PitiNamba7

Swali kwa @MsomajiVipimo. Ferrari nao walikuwa na turbo V6 na lita 150. Kwa nini wao waliishiwa na McLaren hawakuishiwa?

#8 MsomajiVipimo

Ferrari walikuwa na injini yenye nguvu inayokunywa zaidi. Mbio za Silverstone zinaeleza yote. Madereva wao Berger na Alboreto walianza safu ya mbele, Berger pole, yaani nafasi ya kwanza. Ilinyesha, na mvua kwa kawaida inaokoa mafuta kwa sababu dereva hawezi kukanyaga mpaka mwisho. Berger aliongoza mizunguko 13 ya mwanzo, Senna akampita, halafu namba za mafuta za Ferrari zikaanza kulia. Berger alirudi mpaka wa 9. Alboreto alikaukiwa kabisa. Wa pili akawa Mansell na Williams isiyo na turbo, gari ambalo mafundi walilibadilisha saspenshen usiku wa Ijumaa, wakang'oa ile ya kompyuta na kufunga springi za kawaida.

Dereva wa turbo mwaka ule ana njia nne za kuokoa mafuta. Kupunguza presha kwa kitufe cha ndani ya gari. Kubadilisha gia mapema kabla injini haijafika juu. Kuachia mafuta mita kadhaa kabla ya pointi ya breki na kuliacha gari lielee. Na mafundi kupunguza kiasi cha mafuta kwa hewa. Hii ya mwisho ina hatari: mchanganyiko ukiwa na mafuta machache mno moto unapanda, injini inaanza kugonga, pistoni inatoboka. Toluini inavumilia kugonga kuliko petroli ya kawaida, ndiyo maana Honda waliweza kusogea karibu na ukingo kuliko wengine.

Saa ya mafuta nayo haikuwa fimbo ndani ya tangi. Kompyuta ilijumlisha muda ambao nozeli zimefunguka, ikatoa kwenye 150, ikamwonyesha dereva kilichobaki. Ikikosea, dereva anaendesha kwa uongo. Senna alipata tabu hiyo Estoril na Jerez, akaenda polepole bila sababu, akaishia wa 6 na wa 4. Kumbukeni pointi hizo, moja na tatu, zitarudi kwenye hesabu.

#9 PitiNamba7

Asante. Na ile valvu ya FISA ya kudhibiti presha?

#10 FundiSilinda

Ilifungwa kwenye chemba ya hewa kabla ya silinda, ikitolewa na FISA yenyewe ili timu isiichezee. Presha ikigusa 2.5 inafunguka na kumwaga hewa. Shida yake ni kwamba haifungi papo hapo. Ikishafunguka unapoteza presha nyingi kuliko ile iliyozidi, na gari linakufa nguvu katikati ya kunyooka. Ustadi ni kukaa chini ya 2.5 kwa unywele bila kuigusa.

Arrows waliteseka nayo sana. Injini yao, Megatron, ilikuwa ile BMW ya silinda nne, na hewa ndani ya chemba ilikuwa inapigapiga, valvu ikafunguka kabla ya kikomo. Walipolitatua, Monza wakamaliza wa tatu na wa nne, Cheever na Warwick. Mwisho wa mwaka Arrows walikuwa na pointi 23, sawasawa na Lotus yenye Honda.

#11 KonaKali

Monza ndiyo mbio pekee McLaren walipoteza. Schlesser alimharibia Senna mbio pale, bahati mbaya tupu.

#12 FundiSilinda

Ajali ilikuwa bahati mbaya. Kwa nini Senna alikuwa na haraka ya kumpita mtu kwenye chikeni (kona za zigizaga) ya kwanza zikiwa zimebaki mizunguko miwili, hilo lina sababu, na ni lita.

Prost alikuwa anamfukuza Senna huku injini yake inamisi. Ilikufa mzunguko wa 34, na hiyo ndiyo injini pekee iliyomfia McLaren kwenye mbio mwaka mzima. Lakini mpaka hapo Senna alikuwa ameshakimbia kasi kuliko mpango wa mafuta. Monza mzunguko mmoja ni kilomita 5.8, mara 51 ni karibu 296. Gawa kwa 150: unatakiwa kwenda kama kilomita 1.97 kwa lita, au lita 2.9 kwa mzunguko. Ukizidisha lita 0.1 kila mzunguko kwa mizunguko 30, una deni la lita 3, yaani mzunguko mzima. Senna akaanza kulilipa deni hilo kwa kupunguza kasi, Berger na Alboreto wakawa wanakuja. Mzunguko wa 49 akamkuta Jean-Louis Schlesser, aliyekuwa anamshikia Mansell mgonjwa pale Williams. Schlesser alitoka pembeni, akarudi, Senna alishafunga kona. Mwenye mafuta ya ziada angesubiri mita mia mbili.

Berger wa kwanza, Alboreto wa pili kwa nusu sekunde, na Enzo Ferrari alikuwa amefariki tarehe 14 Agosti, hata mwezi haujaisha. Waliokuwa Monza siku ile, tarehe 11 Septemba, walilia kwa haki.

#13 Binti_Suzuka

Naomba nichukue sehemu ya pointi, maana humu ndani kila mwaka naona mtu anaandika kwamba Prost "aliibiwa" ubingwa aliouchukua Senna.

Mgawo ulikuwa 9-6-4-3-2-1 kwa wa kwanza hadi wa sita, na katika mbio 16 yalihesabiwa matokeo 11 bora tu. Twendeni polepole.

Prost: ushindi 7 ni 63. Nafasi ya pili mara 7 ni 42. Jumla 105. Kila mbio aliyomaliza alikuwa wa kwanza au wa pili. Mbili tu hakumaliza, Silverstone alikoingia piti mwenyewe kwenye maji, na Monza. Matokeo 14, yanahesabiwa 11: anabaki na ushindi 7 na nafasi za pili 4, yaani 63 na 24, jumla 87. Pointi 18 zimetupwa.

Senna: ushindi 8 ni 72. Nafasi ya pili mara 3 ni 18. Ya nne Jerez 3, ya sita Estoril 1. Jumla 94. Kumi na moja bora ni zile 8 na zile 3: 90. Ametupa 4 tu.

Sasa angalieni hali kabla ya Suzuka, Japani, mbio mbili zikiwa zimebaki. Prost ana 84 zinazohesabika, Senna 79. Inaonekana Prost yuko mbele kwa raha. Lakini Senna akishinda, ile pointi moja ya Estoril inatoka na 9 inaingia: 87. Prost akiwa wa pili haongezi kitu, kwa sababu 6 inaingia na 6 inatoka. Anabaki 84. Akishinda Adelaide, 9 inatoa 6: anafika 87. Wanalingana, na kwa wingi wa ushindi Senna ana 8 dhidi ya 7. Ndiyo maana ubingwa uliisha Japani tarehe 30 Oktoba ingawa Adelaide ilikuwa bado. Prost alishinda Adelaide kweli, Senna akawa wa pili, ile 3 ya Jerez ikatolewa na 6, akafunga na 90.

#14 KonaKali

Dada, hesabu nimeikubali. Lakini aliyekusanya 105 kashindwa na mwenye 94, hapo haki iko wapi?

#15 Binti_Suzuka

Kanuni ilijulikana kabla ya Rio, mbio za kwanza, kwa wote wawili. Ilitungwa nyakati ambazo magari yalikuwa yanakufa ovyo, ili dereva asiadhibiwe kwa injini iliyompasukia. MP4/4 haikuwa inakufa, kwa hiyo ikawa inamwadhibu anayemaliza wa pili kila wiki. Chini ya kanuni ile nafasi ya pili ya tano haina thamani, na Senna aliendesha akijua hivyo. Monaco alikuwa mbele kwa kama sekunde 50 akagonga ukuta kwenye kona ya Portier mzunguko wa 67. Ukiweka jumla ya pointi zote hilo ni kosa la kufukuzwa kazi, ukiweka 11 bora limemezwa.

Mimi binafsi naona kanuni ilikuwa mbaya, na nafurahi kuanzia 1991 matokeo yote yalihesabiwa. Ila kusema Prost aliibiwa ni kumkosea Senna heshima. Ushindi 8 kwa 7, na pole 13 kati ya 16.

#16 PitiNamba7

Tumalizie na Suzuka basi. Senna alizima gari kwenye mstari, aliwezaje kuondoka? Gari la langalanga enzi hizo halikuwa na stata ndani.

#17 Binti_Suzuka

Mteremko. Sehemu ya kuanzia Suzuka inateremka kuelekea kona ya kwanza. Senna alikuwa pole, injini ikazima, akainua mikono kuwaonya wa nyuma. Gari likaanza kuserereka lenyewe kwa sababu halina breki ya mkono. Akaweka gia, akaachia klachi, magurudumu yakaizungusha injini, ikashika, ikafa tena, ikashika. Ni kulekule kusukuma gari lenye betri mbovu, ila msukumaji ni mlima. Kwenye uwanja tambarare mbio zake zingeishia pale.

Aliingia kona ya kwanza wa 14, akamaliza mzunguko wa kwanza wa 8, mzunguko wa nne alikuwa wa 4. Mbele huko Capelli na March yake iliyochorwa na Adrian Newey alimpita Prost kwa muda mfupi mzunguko wa 16, mara ya kwanza gari lisilo na turbo kuongoza mbio tangu 1983. Yakaja manyunyu. Barabara yenye unyevu inapunguza mafuta yanayoliwa, kwa hiyo Senna aliyekuwa ametumia lita nyingi kupanda kutoka nyuma akasamehewa deni lake, wakati Prost anahangaika na giaboksi na magari ya kupitwa. Mbio zilipovuka nusu Senna akampita, akashinda kwa kama sekunde 13.